Walihesabiwa Mara Sita, Leo Tunaulizwa Walikuwa Nani

Mtoto wa shangazi yangu ni mkulima wa maharage na mihogo wilayani Kasulu. Amefuatilia kitambulisho cha taifa kwa miaka minne sasa. Mara ya kwanza aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, akaleta. Mara ya pili akaambiwa alete cha mama yake. Shangazi alizaliwa mwaka 1958, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, hana cheti. Akaenda kuapa mbele ya wakili, akalipia kiapo kwa fedha za debe mbili za maharage. Mara ya tatu kijana akaulizwa swali lililonisukuma kuandika makala haya: babu yako na bibi yako walizaliwa wapi, na una uthibitisho gani?

Mimi ni mjukuu wa babu yule yule na bibi yule yule. Kitambulisho changu nilikipata mjini, katika foleni ya asubuhi moja, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu na kadi ya chuo ikining'inia shingoni. Hakuna aliyenitajia babu.

Sisemi kwamba swali lenyewe halina msingi. Sheria ya uraia tuliyoanza nayo tarehe 9 Desemba 1961 ilimtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa Tanganyika, ilimradi angalau mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa humu humu. Kwa mtoto wa mwaka 1958, basi, jambo la mahali alipozaliwa babu au bibi si udaku wa karani. Ni kiini cha haki yake, na cha haki ya wanawe. Ninachokataa ni mzigo huo kutwishwa mabega yasiyostahili. Serikali inayouliza swali hili ndiyo ile ile iliyotuma makarani wake mlangoni kwa wazee hao kila ilipofanya sensa, tangu wakiwa watoto hadi walipokuwa vikongwe. Iliwahesabu. Iliuliza umri, iliuliza nani ni mume na nani ni mke. Leo inamwambia mjukuu: tuthibitishie kwamba walikuwapo.

Nilichukua likizo yangu ya mwaka nikaamua kuwatafuta. Mimi ni mwanahistoria, nikajiona nina nafuu kuliko binamu yangu. Nilianza na ripoti za sensa zilizochapishwa, kisha majalada ya wilaya yaliyotunzwa katika Nyaraka za Taifa, kisha ofisi kadhaa ambazo sitazitaja, kwa sababu waliomo walinipokea kwa heshima na kosa si lao.

Sensa ya 1931 naipita haraka. Babu alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, bibi mchanga wa kubebwa, na hesabu ya Waafrika mwaka ule ilitegemea mno taarifa za watawala wa jadi na walipa kodi. Wazee wangu, kama wamo, wamo ndani ya jumla ya himaya fulani ya Buha, kama punje mbili ndani ya gunia lililofungwa.

Ya 1948 ndiyo iliyonisimamisha. Kufikia wakati huo walikuwa wameoana, na babu alikuwa manamba. Wanafunzi wangu wengi wanalijua neno hili kama tusi la mjini na hawajui lilikotoka. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na wakala wao wa kukusanya vibarua, SILABU, na Buha ilikuwa moja ya visima vyao vikubwa. Kijana alichukuliwa kwa mkataba, akapandishwa garimoshi la Reli ya Kati kutoka Kigoma, akashushwa katika nchi asiyoijua lugha yake wala mvua yake, akapewa namba. Namba hiyo ndiyo iliyomwita asubuhi, ndiyo iliyomlipa, na ndiyo iliyompa jina la kundi lake: watu wa namba. Babu alikata mkonge Tanga.

Sasa sensa humhesabu mtu pale alipolala. Agosti 1948, babu alilala katika kambi ya mkonge pwani, bibi akalala Buha na mtoto wao wa kwanza, akilima shamba ambalo wanaume wa ukoo walikuwa wameliacha. Katika jedwali la mkoa wa Tanga kuna mwanamume mmoja mtu mzima zaidi. Katika jedwali la Kigoma kuna mwanamke mmoja na mtoto mmoja. Ndoa yenyewe haimo popote. Ukiyasoma majedwali yale unakuta mashamba yaliyojaa wanaume na wilaya zilizojaa wanawake. Wataalamu wa idadi ya watu wanaziita hizo tofauti za uwiano wa jinsi. Katika ukoo wetu ziliitwa miaka ambayo baba hakuwapo.

Mwaka 1957 watu wasio Waafrika walihesabiwa Februari na Waafrika wakahesabiwa Agosti. Miezi sita kati ya binadamu na binadamu, ndani ya nchi moja. Babu alikuwa amesharudi. Najua hivyo kwa sababu ya mkebe.

Mkebe huu wa majani ya chai ulikutwa chini ya kitanda chake alipofariki mwaka 1991. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi, zimefungwa kwa kamba ya mkonge, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Moja ni ya mwaka 1954, imetolewa Kasulu, na ina jina lake kamili lililoandikwa kwa kalamu ya wino na mwandiko mzuri sana. Wazee wa rika lake hawakutupa stakabadhi, kwa kuwa mtu aliyekutwa njiani bila stakabadhi alifungwa kamba na kupelekwa barazani. Tafakarini jambo hili, ndugu wasomaji. Dola hiyo hiyo, katika miongo hiyo hiyo, ilikuwa na njia mbili za kumwandika mkulima. Ilipotaka fedha yake ilimwandika kwa jina, baba yake na kijiji chake, ikampa nakala. Ilipotaka kumjua ilimwongeza kwenye jumla.

Na bibi? Bibi hakuwa na stakabadhi hata moja. Mlipa kodi wa nyumba alikuwa mumewe. Usajili wa vizazi na vifo chini ya sheria ya mwaka 1920 haukuwa wa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo hakuna mtu aliyeandika kuzaliwa kwake wala kuzaliwa kwa wanawe saba, wala kufa kwa wawili kati ya hao. Alilima miaka zaidi ya 60. Nimekaa maktaba siku nyingi nikitafuta alama yoyote ya jembe lake katika karatasi za serikali.

Sensa ya kwanza ya Uhuru ilifanyika Agosti 1967, miezi sita baada ya Azimio la Arusha, ikatupa idadi ya watu milioni 12.3. Shangazi alikuwa na miaka tisa na anaikumbuka siku hiyo. Karani alikuwa mwalimu wa shule, alikalia kigoda chini ya mgomba, akauliza majina ya wote waliolala humo, akaanza na la babu. Bibi akatoka jikoni mikono imejaa unga, akataja majina ya watoto kwa sababu babu alikuwa anachanganya nani alimtangulia nani. Mwalimu akaandika. Kwa mujibu wa shangazi, aliandika ukurasa mzima.

Ukurasa huo ndio ninaoutafuta. Huko nilikokwenda nilionyeshwa vitabu vya matokeo, vizuri, vimefungwa kwa jalada gumu. Humo nimekuta idadi ya watu wa eneo lao, wanaume kwa wanawake. Nilipouliza kuhusu karatasi zilizojazwa chini ya mgomba, afisa mmoja wa makamo aliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeulizia duka lililokwisha kufungwa. "Mwalimu," akasema, "sisi tunatunza takwimu. Karatasi ni za kazi tu."

Karatasi ni za kazi tu! Nimeirudia sentensi hii mara nyingi darasani, maana ndani yake mna falsafa nzima ya utawala ambayo hakuna chuo kinachoifundisha waziwazi. Mkulima ni malighafi ya takwimu. Ukishakamua jumla, makapi yatupwe.

Tazama kilichofuata. Kuanzia mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika vilimani na kuwapanga vijijini kandokando ya barabara. Babu na bibi waliacha migomba, makaburi ya watoto wao wawili na kisima. Mwaka 1978 walihesabiwa tena, mahali pengine, katika kijiji chenye jina jipya. Ukiweka ripoti ya 1967 kando ya ile ya 1978, eneo walilokaa limetoweka na kijiji kimezaliwa, na hakuna mstari unaounganisha hivyo viwili. Anayetaka kujua familia ipi ilitoka kilima kipi kwenda kiwanja kipi hana pa kushika. Na hili si la wanahistoria peke yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, imethibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamia vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Haki hiyo ni ya aliyekuwapo. Sasa mjane wa leo, au mtoto wake, ataonyeshaje kwamba alikuwapo? Kwa mashahidi, na mashahidi wanakufa.

Babu alihesabiwa mara ya sita na ya mwisho mwaka 1988. Bibi aliifikia ya 2002, ya saba kwake, akiwa mjane, na nina hakika mara hiyo jina lake lilitangulia, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume nyumbani wa kumtangulia. Ilibidi afiwe ndipo awe mkuu wa kaya.

Hoja hii nilianza kuielewa mbali na nyumbani, na naomba nieleze kwa nini. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamivu nilipanga nyumba pamoja na kijana wa Kiayalandi, mtoto wa wakulima wa viazi. Jioni moja aliniita jikoni anionyeshe kitu kwenye kompyuta. Ilikuwa fomu ya sensa ya mwaka 1911 ya nyumba ya mababu zake, picha ya karatasi yenyewe, bure, kwa yeyote duniani. Majina ya mume na mke. Nani anajua kusoma, nani hajui. Miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, watoto waliobaki hai. Karatasi nyingine ilieleza paa la nyumba, madirisha ya mbele, hata banda la nguruwe. Katika safu ya kazi, mbele ya jina la mke, palikuwa patupu. Nikacheka, maana nilimwona bibi yangu. Lakini jina lilikuwapo. Watu wale walikuwa fukara, wametawaliwa na Uingereza kama sisi, na kitukuu wao alikuwa anawasoma huku akila mkate.

Baadaye nilijifunza kwamba Waayalandi nao walipoteza zaidi ya walichookoa. Fomu za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya takwimu kutolewa. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili zirudi kuwa karatasi. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea kwa moto mjini Dublin Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Msemo wa "karatasi ni za kazi tu" una historia ndefu.

Ila kuna kisa kimoja ambacho kila mtumishi wa umma wa nchi hii angepaswa kukijua. Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha pensheni ya uzee kwa waliofikisha miaka 70, ikaanza kulipwa Januari 1909. Wazee wa vijijini Ayalandi hawakuwa na vyeti, kwani usajili wa vizazi huko ulianza mwaka 1864, wao wakiwa wameshakua. Basi wakathibitishaje umri? Ofisi ya kumbukumbu mjini Dublin ilifungua fomu za sensa za 1841 na 1851, zilizokuwa bado hazijaungua, ikamtafuta kila mwombaji alipokuwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake. Mzee alitaja majina ya baba na mama na mahali. Karani akateremka ghalani. Jibu likaandikwa juu ya maombi yake. Dola iliuliza swali, kisha ikaenda yenyewe kutafuta jibu katika karatasi zake yenyewe. Maombi yale yamesalia, na kwa familia nyingi ndiyo masalio pekee ya sensa zile.

Hicho ndicho ninachodai kwa Kasulu. Si zawadi.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Kwanza nitaambiwa kuhusu usiri. Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja, na ni vema ikataze. Mtu akijua kwamba maneno aliyomwambia karani yatamfikia mtoza kodi au askari, ataongopa, na sensa itakuwa ngano. Lakini usiri ni wa kumlinda mhesabiwa, na ulinzi una kikomo chake. Marekani hufungua fomu baada ya miaka 72. Za mwaka 1950 zilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Uingereza inangoja miaka 100. Tuchague idadi yetu, tuitangaze, na mpaka muda huo utimie karatasi zitunzwe. Isitoshe, mtoto anayeomba ukurasa wa wazazi wake hafichui siri ya mtu. Usiri unaomzuia mjukuu asipate ushahidi wa babu yake, huku ofisi ya jirani ikimdai ushahidi huo huo, unamlinda nani?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sikutaka kuikwepa. Mwanafunzi wangu mmoja, naye mtu wa mpakani, aliniambia: mwalimu, ukizifungua fomu za 1967, ambazo ni za mwisho kuuliza kabila, utawapa silaha wale wanaotusaka. Watasoma safu ya kabila, watamkuta bibi wa mtu ameandikwa Mrundi, na familia nzima itapoteza nchi kwa neno moja la karani aliyekuwa na haraka. Sina jibu jepesi. Mpaka ule ulichorwa na Wazungu. Kati ya 1916 na 1921 Wabelgiji walitawala Kigoma pamoja na Urundi, kisha wakawakabidhi Waingereza, na watu wakaendelea kuoana ng'ambo na ng'ambo kama walivyozoea. Kwa hiyo nasema: sheria itamke kwamba ukurasa wa sensa utatolewa kwa maombi ya mhusika au uzao wake tu, na kwamba hautatumika kamwe kumnyang'anya mtu uraia. Kama Bunge haliwezi kutunga sentensi hiyo, basi mwanafunzi wangu ana haki ya kuogopa, na tatizo letu ni kubwa kuliko karatasi.

Ya tatu, ya nafasi ya kuhifadhia, imekufa yenyewe. Mwaka 2022 tulihesabiwa kwa vishikwambi chini ya kaulimbiu ya Sensa kwa Maendeleo, tukatoka watu 61,741,120. Vishikwambi vikagawiwa walimu, jambo jema. Majibu tuliyoyatoa hayana uzito, hayaliwi na mchwa wala hayahitaji ghala. Ni nani ameandika mahali popote kwamba mwaka 2094, au mwaka wowote mwingine, mjukuu wa aliyehesabiwa atayasoma? Wanaharakati wanaosoma hapa wamedai takwimu huria kwa miaka mingi, na ninawaunga mkono. Wajue tu kwamba jedwali huria halitamsaidia binamu yangu hata kidogo. Yeye anahitaji mstari mmoja wenye jina.

Mstari huo, hatimaye, niliupata misheni. Paroko alinifungulia kabati, akanitolea daftari kubwa la ubatizo linalonuka vumbi na nta, limeandikwa kwa Kilatini na mapadri Weupe. Kidole changu kilishuka polepole, kikasimama. Jina la bibi, jina la baba yake, jina la mama yake, jina la kilima alikozaliwa, ambacho hakimo katika ramani yoyote ya leo. Kando, kwa wino mwingine, jina la babu na tarehe ya ndoa yao. Nilikaa pale muda mrefu, paroko akaenda zake kimya. Kanisa, lililowahitaji kwa sababu zake lenyewe, liliona vema kuwaandika wote wawili katika ukurasa mmoja.

Nilitoa nakala ya ukurasa huo, nikaigongesha muhuri wa parokia, nikatoa na nakala ya stakabadhi ya 1954, nikampa kijana azipeleke. Alinipigia simu jioni ile ile, kwa laini ya mkewe, maana yeye bila namba ya kitambulisho hawezi kusajili laini yake.

"Kaka, wamezipokea," akasema. "Ya babu wamesema inafaa. Karatasi ya kanisa wameiweka pembeni, wanataka ya serikali. Wameniambia nirudi mwezi ujao, nilete na stakabadhi ya kodi ya bibi."